Ugonjwa wa Bati

Clifford Brewitt alikuwa mtu wa vifurushi vidogo vizito. Kifurushi cha nguo unakitupa begani usikisikie, cha vitabu unakijua kwa kona zake. Cha Clifford kilikaa kiganjani kama kipande cha sabuni, lakini kilivuta mkono chini hadi bega likauma. Nayajua hayo kwa sababu mimi ndiye niliyempelekea. Nimebeba mkoba wa posta katika mitaa ya Newark, upande huu wa mto Trent, tangu mume wangu aliponileta huku kutoka Tanga akiniapia kwamba baridi huzoeleka. Uongo ule bado namdai.

"Umeagiza nini tena, Bwana Brewitt? Misumari?" nilimuuliza siku za mwanzo.

"Jeshi, bata," akanijibu.

Kwetu ukimwita mtu bata, jiandae kukimbia. Huku ndiyo heshima na mapenzi kwa pamoja. Dereva wa basi atakuita bata, muuza samaki atakuita bata, na daktari wa meno atakuita bata huku anakung'oa jino. Jina langu, Mwanaidi, lilimshinda Clifford, akanikata nikabaki Aidi.

Alikuwa mrefu, mgongo umeinama kidogo, mikono mikubwa yenye makovu ya kiwanda cha beringi za mashine alikofanya kazi tangu ujana mpaka wakampunguza. Mkewe alikuwa ameondoka zamani, bila ugomvi. Alichoka tu kula chakula akiwa amesimama jikoni, kwa sababu meza ya kulia ilikuwa na mji juu yake. Mji wenyewe ni huu wetu, Newark ya kale, karibu karne nne zilizopita, wakati watu wa Mfalme na watu wa Bunge walipokuwa wakichinjana nchi nzima na mji ukazingirwa kila upande, na ndani ya kuta tauni inaokota watu. Clifford alikuwa ameujenga wote: kanisa, soko, ngome kando ya mto, mahandaki ya wazingiraji, na askari wa urefu wa kidole gumba, mamia kwa mamia, kila mmoja amepakwa rangi hadi vifungo vya koti.

Askari hao huzaliwa mkoa huu. Nenda kijiji chochote, hutakosa mwanamume mwenye chungu cha kuyeyushia madini, bati na risasi, kwenye banda la nyuma, anamimina kwenye kalibu, anasubu majeshi na kuyatuma kwa posta hadi upande wa pili wa dunia. Kwa hiyo hakuna aliyemshangaa Clifford. Walimcheka tu, kama tunavyowacheka wafuga njiwa.

Adui yake alikuwa Lionel Spurr. Walianza kazi kiwandani wiki moja, wakiwa vijana wenye chunusi, na kila Alhamisi kwa miaka arobaini na kitu Lionel alikuja kwa gari kutoka kijijini kwake na pai ya nguruwe kwenye karatasi, akaketi upande wa madirisha kwenye kiti chenye mto wa kijani, akaulinda mji kwa niaba ya Mfalme. Clifford aliuzingira. Ukipita na barua ungewasikia wakitukanana kama wake wenza. Avril, mke wa Lionel, kila alipomsindikiza alikuwa akinitania, "Nina mtoto mmoja wa miaka sabini, Mwanaidi, na rafiki yake naye ni vilevile."

Korona ilipokuja na watu wakaamriwa wabaki majumbani, Lionel akapanga meza yake huko kijijini, mji uleule, mtaa kwa mtaa, wakaendelea kwa simu iliyowekwa spika. Hali ya hewa ilikuwa nzuri mno mwaka ule, madirisha yote wazi, na mitaa ilikuwa mitupu kiasi kwamba niliwasikia tangu kona.

"Sita," inasema sauti ya Lionel kwenye simu.

"Sita tena? Dadu zako zimesomea wapi?"

"Shule ya kanisa. Hazijui uongo."

"Nionyeshe."

"Nikuonyeshe kwenye simu ya waya, we mzee? Bandika jicho hapo unaposikilizia, labda utaona."

Ndipo Clifford alipoanza kuagiza kama mwenda wazimu. Kila mtu alikuwa nyumbani na kila mtu aliagiza kitu, lakini yeye alipita kiasi. Aliagiza mahema, farasi, mkokoteni wa kubebea maiti, mbwa, kengele. Utaratibu wetu ulikuwa mmoja: naweka kifurushi kwenye kizingiti, nagonga, narudi nyuma mpaka kwenye geti. Yeye anatoka na barakoa ya kitambaa na koleo la kugeuzia nyama kwenye moto, anakibana kifurushi kama nyoka, anakwenda nacho banda la bustani. Huko kinakaa siku kadhaa virusi vife. Ndipo kinaingia ndani.

Mwezi wa tano alinipungia mkono dirishani. "Aidi, njoo uone! Hapana, usije, simama hapohapo." Akainua mfuko wa plastiki. Ndani yake mlikuwa na watu wadogo wa madini ambao mabega yao yaliishia hewani. "Wakazi wa mji. Miili imefika, vichwa viko njiani."

"Vimekawia wapi?"

"Bwana anayevisubu, mkewe amelazwa. Anasema vichwa vitakuja akipata nguvu."

Mwingine angewaacha mfukoni. Clifford aliwapanga mitaani hivyohivyo. Kila asubuhi nilipopita dirisha lake niliwaona: mwanamke na kikapu, mtu anamvuta mbwa, mtoto ameshika vazi la mama yake, wote bila vichwa, wamesimama sokoni wakisubiri. Nikigeuka nyuma, mtaa wetu wenyewe ulikuwa hivyo: milango imefungwa, nyuso hazionekani. Gari la wagonjwa lilikuja nyumba ya pembeni bila king'ora, kwa kuwa hapakuwa na gari jingine la kuonywa, likaondoka na Bi. Tetley, ambaye hakurudi. Vichwa vilifika katikati ya kiangazi, kwenye bahasha iliyochakarika nilipoitikisa. Sikuitikisa mara ya pili.

Novemba wakatufungia tena. Siku moja nilikuwa getini napanga barua, dirisha lake likiwa wazi kidogo, nikasikia kikohozi cha Lionel kwenye simu. Kilikuwa kikohozi kikavu, kisicho na mwisho.

"Kunywa kitu," Clifford akasema.

"Nimekunywa. Sikiliza zamu yangu. Lango la kaskazini lifunguliwe. Watoke nje wote."

"Umechanganyikiwa? Nina mizinga inalitazama lango hilo."

"Mizinga yako naijua ilipo, nimeitazama mwaka mzima."

"Basi?"

"Basi watoke. Watu hawawezi kukaa ndani milele, Cliff." Akakohoa tena. "Nipigie kesho nikwambie wanaelekea wapi."

Kesho yake Avril ndiye aliyepokea simu, na Lionel alikuwa ameshachukuliwa hospitali. Naye pia hakurudi. Walimzika kabla ya Krismasi, watu wachache wamekaa mbalimbali kama meno ya kibogoyo. Clifford aliyatazama mazishi kwenye kompyuta. Katikati ya wimbo picha iliganda, Avril ameinua mkono nusu, mdomo wazi, na ilipozinduka kaburi lilikuwa limeshafukiwa.

Meza hakuigusa. Kwa wiki nyingi lango la kaskazini lilikaa wazi na hakuna aliyetoka.

Januari bohari yetu ya barua ilikuwa imefurika. Nusu ya wenzetu walikuwa wagonjwa au wamefungiwa na wagonjwa, na mizigo ililala kwenye magari uani, usiku na mchana, katika baridi iliyopasua mabomba. Asubuhi moja nikapangiwa lundo la vifurushi vya mwaka uliopita. Nikakishika kimoja, kidogo, kizito kupita kawaida. Juu yake mwandiko wa kalamu nene ya buluu: *Jenerali C. Brewitt*. Mtu mmoja tu duniani ndiye aliyemwita Clifford jenerali, na nilikuwa nimepeleka kadi zake za kila Krismasi.

Nilikiweka kizingitini, nikagonga, nikarudi getini. Clifford akatoka na koleo lake. Akainama kukibana, akasimama hapo alipoinamia.

"Hiki cha nani?"

"Mwandiko unaujua, Bwana Brewitt."

"Aliyeandika amekufa."

"Najua. Kilichelewa njiani."

Kisha akasema, bila mzaha, "Kwa hiyo yeye amewahi kufika aendako kuliko mzigo wake." Akakibana kwa koleo, akakipeleka bandani kama vyote vilivyotangulia.

Lakini hicho hakukitoa. Kila nilipomuuliza alisema virusi bado. Baridi ikazidi, nyasi zikawa nyeupe hadi mchana. Wiki hiyo nikamkuta amesimama bustanini, kichwa ameinamisha upande wa banda, akaninyooshea kiganja nisimame.

"Usikanyage changarawe. Sikiliza."

Mwanzoni sikusikia kitu. Kisha kikaja, kidogo sana, kutoka ndani ya banda: mlio kama wa mtu anayetafuna mchanga polepole, akanyamaza kama anayefikiri, akaanza tena.

"Panya," nikasema.

"Panya hali bati."

Nikampa barua zake kwa kuzitupa kwenye kapu la baiskeli yake iliyoegemezwa ukutani, nikaondoka kwa miguu ya haraka kuliko heshima inavyoruhusu.

Yaliyofuata alinisimulia mwenyewe baadaye. Alikifungua kifurushi siku ileile, bandani, pumzi yake ikifuka moshi. Hapakuwa na barua ndani. Palikuwa na kikosi cha ulinzi cha Lionel, wale wa asili, waliosubiwa na babu yake Lionel kwa bati tupu, yale madini meupe laini ya kulehemia, zamani kabla watu hawajajua kulichanganya. Clifford aliwajua mmoja mmoja kwa majina waliyopewa. Sasa hakuwatambua. Mashavu yalikuwa yamevimba na kutoka vidonda vya kijivu. Mpiga ngoma hakuwa na uso. Mwenye bendera alipoinuliwa, miguu ilibaki kwenye kisanduku. Chini yao wote palikuwa na unga, kama majivu ya tumbaku.

Mtu wa viwandani hahitaji kuambiwa. Bati tupu likikaa kwenye baridi kali muda mrefu huugua. Linavimba, linageuka kijivu, linalia, linabomoka likawa vumbi. Wazee wa kiwandani waliiita tauni ya bati, kwa sababu huambukiza: zima likilala na gonjwa kwenye baridi, nalo huanza kutoka doa. Risasi, yale madini mazito, haiugui ugonjwa huo, wala bati lililochanganywa na risasi. Kwa bati tupu ugonjwa huzuiwa na kitu kimoja tu, joto.

Clifford aliyajua hayo yote. Kisha akawabeba wale wagonjwa, akaingia nao chumba cha mbele, akawatoa kwenye lango la kaskazini mmoja mmoja kama Lionel mwenyewe alivyoagiza, safu ya mbele ikagusana kifua kwa kifua na wazingiraji wake. Na wazingiraji wake wengi walikuwa wa bati lilelile. Yeye na Lionel waliwasubu pamoja ujanani kwa kalibu za yule babu.

Mwezi wa pili theluji ikaanguka. Nilianza kuona vifurushi vya Clifford vinakaa kizingitini nilipoviacha, kimoja juu ya kingine, theluji imevifunika. Nikigonga, sauti inatoka mbali: "Acha tu hapo, bata." Siku iliyofuata vilevile. Siku iliyofuata sauti haikuja.

Nikaenda dirishani. Lilikuwa wazi. Yote mawili yalikuwa wazi, mapazia yameganda yakawa magumu kama ngozi iliyokaushwa, na theluji imeingia ndani ikalala juu ya hita iliyozimwa. Clifford alikuwa ameketi kwenye nafasi yake, koti, kofia, blanketi mabegani, mikono juu ya magoti. Mbele yake kiti cha Lionel kilikuwa tupu. Meza ilikuwa imegeuka rangi. Kutoka langoni hadi mahandaki, safu baada ya safu, askari wote walikuwa wa kijivu, wamevimba, wamelaliana. Ni wakazi wa mji tu, wale wenye risasi ndani yao, waliobaki na mashavu mekundu, wanatazama. Na uso wa Clifford, Mungu anisamehe, ulikuwa rangi moja na askari.

Nilidhani amekufa. Kisha macho yakageuka.

"Aidi. Umekuja wakati mzuri. Sikiliza."

Nilisikia. Safari hii haukuwa mlio mmoja. Ilikuwa minong'ono ya chumba kizima, kutafuna, kukwaruza, kupasuka kudogokudogo, kama watu wengi wanaojizuia kukohoa kanisani.

"Bwana Brewitt, funga madirisha. Utakufa humo."

"Nikifunga wananyamaza."

"Si wanyamaze!"

"Karibu mwaka mzima," akasema taratibu, kama mtu anayemweleza mtoto, "sijasikia mtu akisogea kwenye chumba hiki isipokuwa mimi. Ule wa kushoto unasikia? Ule ni wapanda farasi wa Lionel. Alikuwa akiwatanguliza siku zote. Mpuuzi."

"Hao ni bati, Cliff." Ndiyo siku ya kwanza niliyomwita hivyo.

"Najua ni bati. Nimefanya kazi ya chuma maisha yangu yote. Nyamaza, anafikiri."

Sikumwuliza nani anafikiri. Kwa sababu wakati huohuo mlio ukakoma mezani, wote kwa pamoja, na katika ukimya ule kiti cha mto wa kijani kikalia, mlio mmoja mrefu, kama kinavyolia kiti mtu mzito anapojiegemeza nyuma. Najua mbao hulia kwenye baridi. Nimejiambia mara nyingi. Lakini Clifford alitikisa kichwa kukubali, kama mtu aliyejibiwa.

Sheria haikuniruhusu kuingia nyumba ya mtu, na ukweli ni kwamba hata ingeruhusu, nisingeingia. Nilikwenda mpaka kwenye gari langu, nikampigia Avril.

Sheria ileile ndiyo iliyotuokoa. Aishiye peke yake aliruhusiwa kujiunga na nyumba nyingine moja, na Avril sasa alikuwa akiishi peke yake. Alifika kabla sijamaliza mtaa, hana hata kofia, ameegesha gari tairi moja juu ya maua ya watu. Hakugonga. Mlango haukuwa umefungwa kwa ufunguo, akaingia, nami nikasogea mpaka dirishani, naona yote.

Kwanza aliyafunga madirisha kwa kishindo, moja, la pili. La pili likanifungia nje, akalifungua tena kidogo akasema, "Wewe baki hapo nikihitaji shahidi," akalirudisha akaacha upenyo. Akawasha hita. Kisha akamgeukia.

"Clifford Brewitt, punguani we! Unafanya nini?"

"Vicky—"

"Vicky ni mkeo, alikukimbia, na leo nimejua kwa nini. Mimi ni Avril. Nitazame. Unafanya nini?"

Akamwonyesha meza kwa kidole. Avril akaitazama. Nikamwona anauweka mkono kwenye kiti cha mumewe.

"Walifika," akasema.

"Januari."

"Nilidhani wamepotea. Sikufuatilia, nilikuwa na mengine ya kupoteza." Akavuta pumzi. "Lionel aliwaona na madoa tangu Oktoba, kule gereji. Madoa mawili matatu tu. Akasema hawa wanataka chungu, si blanketi. Akasema Cliff anayajua madini kuliko mtu yeyote, atawayeyusha, atawatilia risasi kidogo, atawasubu upya wasiugue tena milele. Nilimpeleka posta mimi mwenyewe, Cliff. Anakohoa njia nzima, nami namwambia turudi, anasema hapana, lazima waende leo."

Avril akamwinamia.

"Alikutumia wagonjwa uwatibu. Na wewe umeketi kitako unawasikiliza wakifa."

Nilitamani asingeyasema kwa ukali ule, lakini labda ukali ndio uliohitajika, kwa sababu Clifford aliinama mbele, kofia ikaanguka kati ya askari, na kitu kilichotoka kifuani mwake sijawahi kukisikia kwa wanaume wa huku, ambao hulia kama wanaosafisha koo.

Chumba kilianza kupata joto. Theluji juu ya hita ikayeyuka ikatiririka ukutani. Na milio ikaanza kupungua. Ilikuwa kama kuwasikia watu wakitoka nje ya nyumba: kwanza kundi, kisha wawiliwawili, kisha mmoja kwenye kona ya mbali. Avril alikuwa ameacha kusema. Alikuwa ameshika kiti, kichwa ameinamisha upande mmoja kama Clifford alivyokuwa ameinamisha bustanini. Mlio wa mwisho ulitoka upande wa madirisha, karibu nami. Baada ya hapo hapakusikika kitu isipokuwa maji.

"Ulisikia ule?" Avril akauliza. Hakutaja anamwuliza nani.

Alimlaza, akamwita daktari, akakaa wiki mbili kwenye chumba cha wageni, akimlisha supu na kumtukana. Mapafu yaliingia maji kidogo, yakapona. Jua la mwezi wa nne lilipofika, nilimkuta Clifford nyuma ya nyumba na chungu, miwani mikubwa usoni, Avril pembeni ameshika kijiko kirefu. Walikuwa wamefagia meza yote: vipande, vichwa, unga. Aliutia unga ule wa kijivu chunguni kidogokidogo. Nilitegemea uungue uwe moshi. Mwingi ulibaki takataka juu, akauengua. Lakini chini yake, ghafla, palitokea kitu cheupe kinachong'aa kama maziwa ya kwanza.

"Umerudi," Avril akasema.

"Hurudi ukiupa moto," Clifford akasema. "Si wote. Wanaorudi wanarudi." Akatia risasi, akakoroga, akamimina kwenye kalibu ya babu yake Lionel. Ilipopoa akaifungua, na ndani yake alikuwa mpiga ngoma, ana uso.

Watu waliporuhusiwa tena kualikana majumbani, Avril ndiye aliyeketi kwenye kiti cha mto wa kijani. Kanuni za mchezo hakuzijua na hakutaka kuzijua. Aliwatoa watu wa Mfalme langoni, kikosi kipya chote, akawapitisha mbele ya mizinga ya Clifford kwa mwendo wa matembezi, bendera mbele, akawapeleka moja kwa moja mpaka ukingo wa meza.

"Mbona hupigi?" akamwuliza.

"Baruti imelowa," Clifford akasema, akawaacha wapite.

Nilikuwapo siku hiyo. Nilikuwa nimealikwa ndani kwa mara ya kwanza katika miaka yote ile, na nimekalishwa kwenye sofa na kipande cha pai ya jibini walichonitengea, kwa kuwa ya nguruwe sili. Walikuwa wanagombana kuhusu nani awarudishe askari kwenye masanduku. Avril akaniomba nichukue maziwa, chai ilikuwa tayari.

Friji ilikuwa jikoni, nyuma ya mlango. Nikaifungua. Maziwa yalikuwa rafu ya chini, na nyuma yake, imesukumwa mpaka mwisho panapogusa barafu, palikuwa na chupa ya jamu iliyooshwa, kifuniko kimekazwa. Ndani yake alisimama askari mmoja. Alikuwa mpanda farasi, au aliwahi kuwa. Bega moja lilikuwa bado linang'aa. Upande mwingine wote ulikuwa kijivu, umevimba, na chini ya kwato mlikuwa na vumbi jipya.

Nyuma yangu nikasikia hatua. Alikuwa Avril, amekuja na vikombe.

"Umemwona," akasema kwa sauti ya chini.

"Nimemwona."

"Siku nikilala hapa, Clifford huja kumsikiliza asubuhi. Anadhani nalala." Akapanga vikombe kwenye sinia, akahakikisha vishikio vyote vinaelekea upande mmoja. "Mimi huja mchana, yeye akiwa bustanini."

Nikatoa maziwa, nikaufunga mlango wa friji upesi kabla sijasikia kitu, tukaenda kunywa chai.